Droo Kumi na Nane za Usharika

Namnyaki alipotualika kwenye ibada ya shukrani ya nyumba yake mpya kule Moshono, jambo la kwanza nililofanya baada ya kuvua viatu ni kwenda jikoni, na jambo la pili ni kuvuta droo. Wenzangu walikuwa sebuleni wakiimba pambio, mchungaji hajafika bado, na mimi nimeinama kwenye kabati la mwenye nyumba nikipapasa pembe za droo ya vijiko kwa kidole gumba. Nilitafuta pengo. Nilitafuta gundi iliyovuja, jino lililomeguka, chochote. Nikavuta ya visu, nikavuta ya taulo, na nilipoisukuma ya juu irudi, ya chini yake ikatoka kidogo kwa sababu hewa haikuwa na mahali pengine pa kupita. Mafundi wanajua maana yake: droo zimekaa bila pengo hata la unywele. Nina miaka hamsini na mitatu, nina wajukuu wawili na karakana yangu pale Lemara yenye mafundi sita, na siku ile, mbele ya droo ya taulo, nilishikwa na wivu uleule niliokuwa nao nikiwa na ishirini na mitano. Watu wa rika langu wanapenda kusema kwamba ujana umepita na mambo yake. Labda yao yamepita.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi Sifaeli, juu ya Tengeru, pale barabara ya vumbi inapoanza kupanda kati ya migomba na kahawa. Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza mbili za kazi na dirisha lisilo na kioo, na asubuhi za mwezi wa sita ukungu uliingia humo kama mwenyeji, tukalazimika kuota moto wa maranda kabla vidole havijakubali kushika patasi. Cha nyuma kilitunza mbao, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Nilikuwa na miaka minne pale, nimejifunza kila kitu kwa kutazama mkono wa Fundi, na nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilikuwa nikilalamika juu ya hilo kwa raha kubwa. Watu waliokuja kununua vitanda walisimama mlangoni kunitazama nikipiga randa, akina mama waliwaonyesha mabinti zao, na mara moja mkuu wa shule alileta darasa zima. Nilijifanya sioni. Kumbe yale maranda marefu, yanayojikunja vizuri, niliyatunzia wakati watu wapo.

Namnyaki alikuja mwezi wa kwanza, baada tu ya sikukuu. Alitoka Nduruma, kule chini tambarare kwenye joto na vumbi, akiwa na begi moja na cheti cha chuo cha ufundi kilichowekwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowane. Alimpa Fundi shikamoo, kisha akanigeukia mimi, ambaye tulikaribia kulingana umri, akasema, "Habari za kazi, dada." Lile neno dada nililipokea kwa kichwa tu. Nilijua tayari kwamba kuanzia siku ile, atakayesimama mlangoni atakuwa na wanawake wawili wa kutazama, na mmoja wao ana shingo ndefu na meno mazuri. Mimi nilikuwa na cheti cha kipaimara.

Fundi alikuwa na rauta. Ni mashine ya umeme ya kushika kwa mikono miwili, inayozungusha kisu kidogo kwa kasi ya kutisha, na kwa kubadilisha kisu hicho, tunachokiita biti, unaweza kuchimba mfereji, kuviringisha ukingo au kukata meno ya kuunganisha droo. Aliachiwa na daktari mmoja mgeni aliyekuwa akitengeneza samani kwa kujifurahisha na aliyerudi kwao, pamoja na kisanduku cha biti kumi na mbili, kila moja kwenye tundu lake. Fundi aliiogopa. Alikuwa akiiita mashine ya daktari, na aliitumia kwa mifereji peke yake, huku amekaza taya na kututaka sote tutoke nje. Biti nyingine hakujua kazi yake, na hakuona aibu kusema hivyo. Namnyaki alikifungua kisanduku kile siku ya tatu tu, akachomoa biti moja moja na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hii ya kunyooka ni ya mfereji wa kuingiza kitako cha droo, alisema. Hii yenye beringi ndogo kichwani ni ya kufuata ukingo. Hizi mbili zilizotanuka chini ni za kiungo cha mkia wa njiwa, yale meno ya pembe za droo: hii yenye mtanuko mdogo ni ya mbao ngumu kama loliondo, na hii yenye mtanuko mkubwa ni ya mbao laini, maana mbao laini zinahitaji jino pana ili zishike. Fundi aliinama akasikiliza. Miaka minne sikuwahi kumwona akiinama kumsikiliza mtu.

Ndani ya miezi miwili alikuwa anatoa droo nne kwa muda ambao mimi nilitoa moja. Alibana ubao wa mbele na wa ubavuni pamoja chini ya kiolezo cha chuma chenye vidole, akapitisha mashine kutoka kushoto kwenda kulia, na alipovitenganisha, vipande vilikuwa na meno yanayoingiana. Alinifundisha, nisiseme uongo. Aliniambia kiungo kikilegea, ishushe biti itokeze zaidi, kitabana. Kikibana mno, ipandishe. Aliniambia usiinue mashine kabla haijasimama, itakula kiolezo. Aliniambia pia jambo ambalo nililiweka kichwani kuliko yote: biti ya mfereji unaweza kuishusha kidogo kidogo, unakata tabaka kwa tabaka, lakini biti ya mkia ina shingo nyembamba na mwili mpana, haiwezi kushuka nusu. Inaingia kina chote mara moja, na kila kitu inachokutana nacho ndani ya ubao, inakutana nacho kwa shingo ile. Nilimwitikia "sawa, sawa," nikarudi kwenye patasi yangu. Nilisema napenda kazi ya mkono. Niliipenda, ndiyo, lakini hiyo haikuwa sababu.

Saa saba tulikula jikoni kwa mke wa Fundi, Mama Nuru, jiko la nje lenye kuta nyeusi kwa moshi na benchi moja refu. Kwa miaka minne mahali pangu palikuwa mwisho wa benchi, karibu na mafiga, na siku ya loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, Mama Nuru aliniwekea wa chini ya chungu kwa sababu alijua naupenda ule ulioganda zaidi. Namnyaki hakujua habari za mahali pa mtu. Alikaa mwisho wa benchi siku ya kwanza, akaendelea kukaa, na wiki moja baadaye nikaona wa chini ya chungu unamwagwa kwenye kibuyu chake. Alisema asante, akanigawia nusu. Nilikataa, nikasema nimeshiba. Nilishinda na njaa hadi jioni kwa sababu ya nusu kibuyu cha loshoro, na kama kuna mtu anadhani wivu ni jambo la mapenzi tu, namwambia hajawahi kunyang'anywa mwisho wa benchi.

Mwezi wa nne usharika wetu ulileta kazi. Walitaka kabati la ofisi lenye droo kumi na nane, moja kwa kila jumuiya, la kuwekea madaftari na nyaraka zao. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya kanisa, kila jumuiya ilitakiwa kuleta ubao wa droo yake kutoka shamba la mmoja wao, kama malimbuko. Mbao zilikuja kwa mabega na kwa toroli, nyingi za mgrevilea, maana ndio mti unaoivika kahawa kivuli huku kwetu, na Fundi aliandika jina la jumuiya kwenye kila ubao kwa chaki. Siku hiyo mzee wa kanisa alibaki kuongea na Fundi chumba cha mbele, nami nilikuwa cha nyuma nikipanga vijiti. Ukuta ulikuwa wa mbao. Nilimsikia Fundi akisema macho yake hayamtoshi tena, kwamba kabati hili ndilo la mwisho kwake, na atakayelishika ndiye atakayemwachia funguo za karakana. Mzee akauliza, ni Elinami? Hilo ndilo jina langu. Fundi akasema Elinami ana mkono mzuri, lakini huyu wa Nduruma ana mkono na ana elimu. Sikusikia mengine kwa sababu nilianza kuhesabu vijiti kwa sauti nisije nikalia.

Sasa nieleze habari ya ule mti. Mgrevilea wa pembeni mwa shamba huachwa ukue utakavyo, na ubao wake ni safi. Wa katikati ya kahawa hukatwa matawi kila mwaka ili mwanga ufike chini, na kila tawi likikatwa mti hufunika kidonda, unaendelea kunenepa, na baada ya miaka kumi huoni kitu. Fundo liko ndani, kavu, jeusi, gumu kuliko mti wenyewe. Aliyekulia mlimani huku anajua kuuliza ubao umetoka wapi shambani. Wa Nduruma anajua mahindi na ng'ombe. Na ubao wa jumuiya yetu ulikuwa wa mti wa katikati ya shamba la kwetu, ambao nilikuwa nikiukwea mwenyewe kila mwaka na panga kiunoni. Nilijua matawi yalikuwa wapi. Ningeweza kuweka kidole juu ya fundo nikiwa nimefumba macho.

Namnyaki alikuwa amekwisha kukata droo tano. Alifika kwenye ubao wetu siku ya sita, asubuhi, akaupitisha mkono, akaupiga kwa vidole, na nadhani alisikia kitu asichokielewa. Akaniita.

"Dada Eli, huu wa jumuiya yenu ukoje? Naona kama unaitika tofauti."

Nilikuwa nanoa patasi. Sikuinua kichwa.

"Mgrevilea ni mgrevilea," nikasema.

Akanishukuru. Akachukua ile biti yenye mtanuko mkubwa, akaibana, akapima kina, akawasha. Nilikuwa na muda. Kuanzia aliposhika swichi hadi mashine ilipofika katikati ya ubao ni muda wa mtu kusema "subiri" mara tatu. Niliendelea kunoa. Kisha ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, mashine ikaruka mikononi mwake na kichwa cha biti kikapita karibu na shavu lake, kikajikita kwenye mwimo wa mlango. Alizima mashine, akaketi chini kwenye maranda, akajishika uso kuhakikisha uko mzima. Nami, Mungu anisamehe, kabla sijaogopa kwa ajili yake nilifurahi. Ilikuwa furaha ya mara moja tu, lakini nilikuwa nayo.

Fundi aliingia. Alimtazama kwanza Namnyaki, akamwinua, akamtazama usoni kwenye mwanga. Halafu akauliza ni nani aliyechagua kuukata ubao huu kwa mashine. "Mimi, Fundi," akasema Namnyaki. Fundi akauweka ubao sakafuni, akaupasua kwa shoka pale ulipovunjikia, na fundo likaonekana, duara jeusi ukubwa wa yai. Akalitazama kwa muda. Akasoma jina la jumuiya kwenye chaki, kisha akalifuta kwa kiganja. Alichosema ni kwamba chakula kimeiva, twende tukale.

Wiki ile Namnyaki akaaga. Alisema amepata kiwanda cha samani mjini. Mama Nuru alilia, akamfungia ndizi na maharage, na Fundi akampa mkono kwa mikono yake miwili. Biti ya mkia ya mbao laini haikuwepo tena, na hapakuwa na mahali pa kununua nyingine wakati ule, kwa hiyo droo kumi na tatu zilizobaki nilizikata mimi kwa msumeno na patasi, miezi miwili na nusu, hadi vidole vikaota sugu juu ya sugu. Kwa ubao wa jumuiya yetu nilikwenda mwenyewe kuchagua mti wa pembeni. Siku ya kuliweka wakfu kabati mchungaji alitaja jina langu, nikasimama, akina mama wakapiga vigelegele, na mwezi wa kumi na mbili Fundi akaweka funguo mezani mbele yangu bila hotuba. Nilizichukua. Namnyaki akakaa kiwandani, akawa msimamizi, akafungua chake, akanunua mashine ambazo mimi naziona kwenye simu tu, na samani zake ziko kwenye mahoteli ya watalii hadi kule Karatu. Kila niliposikia habari zake nililala na jambo moja chini ya mto: mzee alikuwa na sisi wawili mbele yake, akanichagua mimi. Yeye ana mahoteli. Mimi nina funguo.

Nilikuwa nimekwenda Moshono nikiwa nimeamua kusema. Daktari wangu wa presha anasema nipunguze chumvi na mawazo, na hili lilikuwa wazo kubwa kuliko yote. Baada ya ibada, watu wakiwa nje wanakula, tulibaki wawili jikoni, yeye akifunika sufuria ya ndizi nyama, mimi nikiwa nimeegemea kabati lake. Nikamwambia ule ubao nilijua. Nikamwambia mti ule nilikuwa nikiukata matawi kwa mkono wangu, na nilipomjibu vile nilikuwa naliona fundo kama ninavyomwona yeye.

"Najua, dada," akasema. "Fundi aliniambia kesho yake, ulipokwenda kununua gundi, kwamba ule ulikuwa mti wa kwenu. Alikuwa amekasirika. Alisema anakurudisha nyumbani siku hiyohiyo, kabati nimalize mimi na yeye, na funguo nichukue."

Nikamuuliza, sasa mbona aliondoka yeye.

"Mimi nilikuwa na cheti. Ningeshuka mjini leo, kesho nina kazi. Wewe ulikuwa na nini? Mwanamke, huna karatasi, umefukuzwa na fundi kwa kosa kama lile. Nani angekupokea? Nikamwambia aondoke yule ambaye kuondoka hakumuui."

Alisema hivyo akitafuta kifuniko cha sufuria nyingine, kama mtu anayekuelekeza duka la dawa. Nilisubiri hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa na majibu yake, na ningemheshimu kwayo. Hapakuwa na hasira. Palikuwa na huruma ya miaka ishirini na minane, na nilikuwa nimeishi juu yake nikidhani nimesimama kwenye ushindi wangu. Nilitamani angenichukia. Mtu anayekuchukia anakuona mkubwa wa kutosha.

Binti yake mdogo, aliyemaliza chuo mwaka huu, aliingia kuchukua sahani. Namnyaki akamshika bega, akamgeuza kwangu.

"Msalimie mama yako mkubwa. Huyu ndiye aliyeachiwa karakana ya fundi wetu. Tulikuwa wawili, na Fundi alimchagua yeye."

Hakunitazama aliposema. Hakuweka uzito wowote kwenye maneno, na nilielewa kwamba ndivyo alivyokuwa akisema nyumbani kwake siku zote, kwa mume wake, kwa watoto wake, kwa mafundi wake, pasipo mimi kuwepo wala kujua. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kusema sivyo.

"Shikamoo, mama mkubwa," binti akasema, akainamisha kichwa nimguse, kwa desturi ya huku.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia, nikamgusa kichwa.